Tulipokuwa Tukingoja Mbuzi wa Mjomba

Joto lilinishika kwa mara ya kwanza katika misa ya kwanza ya Jumapili, mjini Butembo, saa ambayo hata padri huvaa sweta chini ya kanzu yake. Watu walikuwa wamejikunyata kwenye mabenchi, vitenge vimefungwa juu ya makoti, na mimi nilikuwa nikijipepea kwa kitabu cha nyimbo, jasho likinitiririka mgongoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama mkwe wangu, aliyekaa kando yangu, alinitazama, akatabasamu, akaniwekea mkono tumboni. Miezi mitatu ilikuwa imepita sijaona siku zangu, naye alikuwa akihesabu kuliko mimi.

Kabla ya juma kwisha, wamama wote wa kikundi chake cha sala walikuwa na habari. Binti yangu wa kwanza alikuwa ametimiza miaka mitatu, kwa hiyo wa pili alikuwa anastahili kuja, na safari hii, mama mkwe alisema, ni wa kiume. Alinunua uzi wa sufu akaanza kufuma kofia. Nilimwachia afume. Hata mimi nilidhani nina mimba, ingawa mimba ya kwanza haikuwa imenitoa jasho namna ile.

Tumbo halikuja. Mwezi wa sita mama mkwe aliacha kuniwekea mkono. Mwezi wa tisa aliacha kunisogezea hata chumvi mezani. Kofia ikapewa mtoto wa jirani, na mimi nikabaki na joto langu, nikitoa sweta na kuvaa sweta mara kumi kwa siku kama mtu anayejaribu nguo sokoni. Mume wangu alinitania kwamba ameoa mtu wa Butembo akaletewa mtu wa Beni, maana Beni ndiko kwenye joto. Nilicheka naye. Sikuwa nalala vizuri, nilikuwa mkali kwa mtoto bila sababu, na niliogopa.

Kwetu jambo kama hilo lina maelezo yake, na maelezo yangu yalipatikana upesi: mbuzi wa mjomba.

Binti wa kwetu huolewa kwa mbuzi. Si kwa bahasha, si kwa ahadi. Ni mbuzi wenye miguu minne, wanaolia, wanaoingia uani majirani wakiwaona. Na miongoni mwao yupo mmoja ambaye ni wa mjomba, kaka wa mama. Huyo hauzwi na hacheleweshwi, kwa sababu mjomba asiporidhika, wazee husema, tumbo la mpwa wake halikai sawa. Nilipoolewa, baba yangu alikuwa mgonjwa wa kufa, na mbuzi wa mjomba akauzwa kwa ajili ya dawa. Dawa haikusaidia. Mjomba alikuja kwenye harusi, akala, akanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, akarudi kwake Kalunguta mikono mitupu. Hakusema neno. Miaka mitano baadaye, nilipokauka, kimya chake kile ndicho watu walichokikumbuka.

Mama yangu hakupoteza muda. Alinunua mbuzi sokoni, akamvuta kwa kamba hadi Kalunguta, nami nyuma yake. Tulipiga magoti. Mjomba, mzee mpole aliyekuwa na kikohozi na ambaye nadhani hakuwa na hasira yoyote, alimpokea mbuzi, akasema wasingya, ndiyo asante ya kwetu, akanipulizia kasiksi kichwani na kunitakia watoto kama mchanga. Nilirudi nimelowa nywele na nimejaa matumaini. Nisiseme uongo: niliamini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nilijua mbegu ya haragwe inavyoota hadi nikaweza kuichora, lakini shule ni shule na tumbo ni tumbo. Mwaka ukapita bila kitu. Hapo wakasema mbuzi alichelewa, na tena alikuwa mbuzi wa soko, hakutoka kwenye zizi la wakwe. Mlango ulikuwa umeshafungwa alipofika.

Mume wangu alikuwa muuza vipuri vya pikipiki. Kwake yeye kila chombo kilicholala hufunguliwa kikaangaliwa ndani. Vita vya pili vilikuwa vimeanza, nchi imekatwa vipande, na kwa watu wa Butembo Kinshasa ilikuwa mbali kuliko Dubai. Kampala ndiko tulikokwenda kutafuta kila kitu, kuanzia chumvi hadi daktari. Alinichukua katika safari yake ya bidhaa. Huko nilitolewa damu, wakaniambia itapelekwa kwa ndege hadi Ulaya, kwa sababu kuna nyuzi ndani ya damu zinazotaka kutazamwa zikiwa bado hai. Niliona ni maneno ya ajabu. Baada ya miezi, mfanyabiashara mwenzake mume wangu alileta bahasha, akamkabidhi daktari wetu wa Butembo.

Daktari huyo alikuwa mtawa, mwanamke mrefu, mzaliwa wa Lubero, mwenye mikono ya mkulima. Mume wangu alikuwa safarini siku ile, kwa hiyo niliingia peke yangu. Alinichorea mistari miwili nyuma ya ile bahasha. Alisema katika kila chembe ya mwili wa mwanamke kuna nyuzi mbili zinazoitwa X, moja ya baba, moja ya mama. Zangu, moja ilikuwa nzima na nyingine imekatika ncha. Kipande kilichokosekana kilikuwa kidogo; hakikunizuia kukua wala kusoma wala kuzaa mara moja. Lakini mayai yanahitaji kile kipande. Mtoto wa kike, alisema, huzaliwa na mayai yake yote, kama mtu aliyepewa gunia moja la maharagwe la maisha, asiyeongezewa hata punje. Gunia la wengine linafika karibu miaka hamsini. Langu lilikuwa na tundu chini.

Nilimuuliza kuhusu mbuzi. Nakumbuka aibu niliyoona baada ya kuuliza, lakini hakunicheka. Alisema mbuzi hajui chochote cha mambo haya, si wa zizi wala si wa soko.

Kisha akaniuliza mama yangu alizaa watoto wangapi. Wawili, nikasema, mimi na mdogo wangu. Aliacha kuona siku zake akiwa na umri gani? Nilifikiri. Mama alikuwa akituambia kwamba alifungwa tumbo kwa uchawi na jirani mwenye wivu, alipokuwa na miaka ishirini na saba. Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba yamkini uzi ule uliokatika ulitoka kwa mama, na kwamba kila binti wa mama anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu, kama vile mtoto kuwa wa kiume au wa kike. Wengine hukauka mapema, wengine huchelewa kidogo.

“Donc umwambie mudogo wako,” alisema. “Kama anataka batoto, hapana kukawia. Na uyu mutoto wako, akikomaa, naye umwambie.”

Nikaitikia ndiyo. Aliniandikia vidonge vya kulinda mifupa, vya kuagiza Kampala, nikatoka.

Mume wangu aliporudi nilimwambia nusu: kwamba mayai yangu yameisha na hakuna dawa ya kuyarudisha. Alisema kama kipuri hakipo hakipo, na kwamba tunaye mmoja, tumshukuru Mungu. Nusu ya pili, ile ya mama na mdogo wangu, sikumwambia. Wala mama sikumwambia, wala mdogo wangu.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu, na ninazo kadhaa, zote zimevaa vizuri. Nilisema moyoni kwamba mama ameshika ile hadithi ya jirani mwenye wivu kwa miaka ishirini. Nimwambieje sasa kwamba jirani hana kosa, kosa amelibeba mwenyewe akatugawia? Nilisema mdogo wangu hajaolewa, na kwamba jambo hili likitoka nje ya nyumba hakuna ukoo utakaofunga mbuzi kamba kuja kwetu. Lakini sababu yenyewe ni kwamba hadithi ya mbuzi ilinifaa. Kwa watu wa mume wangu kosa lilikuwa la mbuzi, na mbuzi hupatikana. Ncha ya uzi ningeitafuta soko gani? Nilipendelea kuwa mwanamke aliyeonewa na mila kuliko kuwa mwanamke aliyezaliwa na kasoro. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha wangu, na adhabu ikamwangukia mwingine.

Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini wakati huo. Alikuwa mwalimu wa mwaka wa pili wa shule ya msingi huko Mbau, kwenye barabara inayotoka Beni kwenda Oicha, na kila alipopanda kuja Butembo alianza kulalamika baridi kabla hajashuka kwenye lori. Alicheka kwa sauti kubwa, mkono mdomoni, halafu anautoa mkono ili acheke vizuri. Alipenda watoto, si kama watu wanavyosema tu. Binti yangu alikuwa akimwona anamwacha kila mtu, hata mimi, na usiku ilikuwa lazima walale pamoja.

Mchumba wake alikuwa mtu wa Mbau, mkulima wa kahawa na kakao, mwembamba, mwenye baiskeli na sauti nzuri ya kwaya. Wazee wake walipokuja kuposa, baba yetu akiwa amekwisha kufa, nilikaa kando ya mama kama mkubwa wa nyumba. Mama alitaja masharti yake. Mbuzi wote wangeweza kuja polepole, kwa kuwa ni vita na kila mtu anajua hali. Ila mbuzi wa mjomba aje wa kwanza, kabla ya kanisa, na atoke kwenye zizi la baba wa kijana. Si wa kununuliwa. Aliposema hivyo alinigeukia mbele ya wageni wote, akasema wamwone huyu mwanangu alivyopata, hatutarudia kosa mara mbili. Wageni walinitazama kwa huruma. Niliinamisha kichwa, nikatazama kucha zangu.

Mbuzi wa kwanza aliondoka Mbau pamoja na wenzake wachache baada ya mvua. Walimfunga kitambaa chekundu shingoni ili ajulikane kuwa ndiye wa mjomba. Kwenye kila kizuizi cha barabarani askari walichagua. Askari hawakujua mila zetu, walijua nyama. Yule mwenye kitambaa chekundu alipita vizuizi vyote hadi Kalunguta, akaliwa hapo hapo, karibu na kwa mjomba, ambaye nadhani aliisikia harufu. Mjomba mwenyewe alituma ujumbe kwamba amesamehe, watoto wafunge ndoa, mbuzi atakuja siku yake. Mama alikataa. Alisema hata kwa mwanawe wa kwanza mjomba alinyamaza, wakadhani amesamehe.

Halafu vita vikashuka upande wa Mbau. Familia ya kijana ilikimbilia Beni, watu na magodoro, na zizi likabaki na majani. Mdogo wangu alikimbia nao, akalala miezi kadhaa katika madarasa ya shule moja ya mjini pamoja na wakimbizi wengine. Ilipotulia kidogo, mzee wa kijana alipata mbuzi jike mmoja mdogo, akaanza zizi upya. Jike akue, apandwe, azae, na mtoto wake akue. Tulikuwa tunangoja mbuzi azae ili mdogo wangu apate kuzaa, na hakuna aliyecheka.

Katika mwaka wa tatu tangu posa, mdogo wangu alikuja Butembo peke yake. Mchumba wake alikuwa amependekeza waende kwa padri hata bila mbuzi, mbuzi afuate. Kilichobaki ni mama kukubali, na mama alikuwa akinisikiliza mimi. Tulikuwa jikoni kwangu, tunachambua maharagwe kwenye ungo.

“Yaya, useme na mama,” aliniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. “Anasikilia weye tu. Miye nimechoka kungojea mbuzi.”

Neno la daktari lilikuwa tayari. Lilitaka pumzi moja tu. Mlango ulikuwa wazi, binti yangu anacheza uani, hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Badala yake nilimtania. Nilimwambia haraka haraka haina baraka, na kwamba mwanamke mwenye akili hazai katikati ya vita, akimbie na mtoto mgongoni huku risasi zinalia. Naye, kwa kuwa tulizoea kurushiana methali tangu utoto, akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tukacheka wote wawili. Alicheka mkono mdomoni, halafu akautoa mkono. Tukamaliza maharagwe, na kesho yake akarudi Beni bila mimi kusema na mama chochote.

Nilijituliza kwa ile nusu kwa nusu. Nusu nzuri ni yake, nilijiambia, kwa sababu mbaya nimeichukua mimi, kana kwamba ni mikate miwili mezani. Kila alipokuja nilimuuliza kwa kuzungukazunguka kama ana vitambaa vya kutosha vya siku zake. Alidhani nalinda ubikira wake, akanitania kwamba nimekuwa polisi. Alisema vitambaa anavyo, anavitumia. Nilifurahi, nikajipa mwezi mwingine, na mwingine.

Mbuzi alikuja mwaka wa nne, dume jeusi, safari hii kwenye lori, amefichwa chini ya turubai kati ya madumu ya mawese. Mjomba alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amezeeka, kikohozi kimemlegeza, na nakumbuka alimnong'oneza mama kwamba hatukupaswa kungoja hivi. Harusi ilikuwa nzuri kwa wakati ule. Nilicheza hadi viatu vikanikata. Watu walisema sasa kila kitu kimekaa mahali pake, na hata mimi kwa siku moja nilipenda kuamini tena.

Siku ile ya harusi, mdogo wangu alikuwa ana miezi mitano hajaona damu. Hakumwambia mtu. Katika yale madarasa ya Beni wanawake wengi walikuwa wamekauka kwa njaa na hofu, na walipopata chakula damu ikarudi. Alidhani yake iko njiani.

Alikuja kwangu mwaka mmoja baada ya harusi, asubuhi, bila kutuma habari. Nilikuwa ninaanika nguo. Alisimama kwenye mlango wa uani na mfuko wake begani, hakuuweka chini, wala hakulalamika baridi. Nilimkaribisha ndani, akasema hapo panatosha. Alikuwa ametoka kuonana na daktari wa Beni.

“Docteur aliniuliza kama niko na dada mwenye alikauka mbele ya wakati,” alisema. “Nikamwambia ndiyo, mais yeye ni juu ya mbuzi ya mjomba. Akaniangalia tu.” Alipandisha mfuko begani. “Ni mbuzi, yaya?”

Nikamwambia. Nilisimama na kitenge kilicholowa mkononi nikamwambia yote: Kampala, bahasha, uzi uliokatika, mama, nusu kwa nusu, na neno la mwisho la daktari. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Alisikiliza mpaka mwisho. Maji ya kitenge yalikuwa yananidondokea miguuni na sikujua nikikamue au nikianike.

“Siku ile mu jikoni,” aliuliza, “nilipokuomba useme na mama. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Ulisema batu hapana kuzaa mu vita.” Hakupandisha sauti. “Balizaa, yaya. Mule mu madarasa tulikuwa tunalala, mutoto alizaliwa karibu kila juma. Miye ndiye nilikuwa nabapokea na kubafunika. Na wangu ningemufunika.”

Niliomba radhi, na radhi ilisikika ndogo, kama mtu anayelipia nyumba aliyoichoma kwa kiberiti. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Aliuliza jambo moja tu, kama mama anajua. Niliposema hajui, aliniambia asiambiwe kamwe, maana akijua alikuwa anangoja mbuzi bure, na kwamba kasoro ilipita kwake, itamuua. Yeye, aliyekuwa amenyang'anywa, ndiye aliyewaza kumkinga mama. Mimi niliwaza kwanza kama atamwambia mume wangu. Nasema hivi ili nisijipambe.

Alikaa siku moja. Alicheza na binti yangu, akasuka nywele zake, akamsalimu mama kana kwamba hakuna kitu, akarudi Beni. Kwa miaka michache mume wake alivumilia. Alikuwa mtu mwema, lakini wazee wake walizungumza, na vita hufanya watu watake watoto zaidi, si wachache. Alipata watoto na mwanamke mwingine wa Oicha. Mdogo wangu hakungoja kufukuzwa. Aliomba kazi katika shule moja mjini Beni, akapanga chumba, akahamia na vitabu vyake. Mbuzi hawakudaiwa. Mzee wa kijana alisema mbuzi wametimia, na binti alifanya yake yote.

Baina yetu hakuna ugomvi. Mtu wa nje hawezi kuona chochote. Ananipigia simu sikukuu, ananitumia samaki mtu akipanda lori, ananiita yaya kama zamani. Lakini hajawahi tena kuniuliza la kufanya. Alipoondoka kwa mume wake nilisikia kwa watu. Alipougua nilisikia alipopona. Zamani hata rangi ya kitenge alikuwa ananiuliza, na nilikuwa nikichoka kuulizwa. Sasa ningempa chochote aniulize.

Mama alifariki akiamini kwamba mdogo wangu naye alifungwa na mtu. Hatukumkatalia.

Ilibaki sehemu ya pili ya agizo la daktari. Binti yangu alikuwa anakua. Alivunja ungo, nikampa vitambaa, nikamfundisha usafi, nikamfundisha adabu, na lile moja sikulisema. Kila mwaka nilisema bado ni mtoto. Likizo kubwa nilimpeleka Beni kwa mama mdogo wake, na aliporudi amenenepa na anacheka mkono mdomoni kama mama mdogo mwenyewe, nilifurahi na kuona wivu kidogo. Alipofika mwaka wa sita wa sekondari alianza kusema anataka kwenda Kampala kusoma udaktari, miaka saba, minane, ndoa baadaye. Mume wangu alimsifu. Mimi nilikosa usingizi wiki nzima.

Nilimwita siku ya Jumamosi. Tulikuwa tunafunga vitunguu majani vya soko, mafungu mafungu, kwa nyuzi za mgomba. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuungama. Nilianza na joto la kanisani, nikaja kwenye damu iliyokwenda Ulaya, kwenye nyuzi mbili, kwenye gunia la maharagwe. Nikamwambia kwamba anaweza kuwa na ile nusu mbaya au asiwe nayo, kwamba siku hizi damu inaweza kutazamwa bila kungoja miezi, kwamba udaktari asiuache lakini achague akijua. Nikamwambia habari za mama mdogo wake, na jikoni, na nilichofanya.

Hakuinua kichwa. Alimaliza kufunga fungu lake, akaliweka kwenye mengine, akalipanga vizuri.

“Najua, mama,” alisema. “Mama mudogo aliniambia nikiwa na miaka kumi na mbili.”

Nilimuuliza kwa nini basi amenyamaza miaka sita yote. Akasema mama mdogo ndiye aliyemkataza. Alimwambia asiniulize na asinisukume, kwamba lile ni neno langu, na siku moja nitalisema mwenyewe, anipe nafasi. Alisema nitaogopa, lakini nitalisema.

Kisha akaniangalia, macho yamemjaa machozi, akauliza kwa upole kama sasa anaruhusiwa kumpigia simu Beni.

“Nimwambie kwamba ulisema,” alisema. “Kila likizo ananiuliza.”